Binti anayecheza skwoshi: je, mwili wake utadumu?

Mama mmoja mfanyabiashara wa mjini Meru ameniandikia barua akiomba ushauri. Binti yake wa miaka 15 anasoma katika shule ya bweni jijini Nairobi, na huko amefundishwa mchezo wa skwoshi. Likizo ikifika, binti huyo hushinda akipiga mpira kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba mpaka majirani wanalalamika. Amewaambia wazazi wake bila kuficha kwamba anataka kuwa mchezaji wa kulipwa na hatimaye awe kocha.

Mama ana maswali mawili. Kwanza, shangazi za binti wanadai kwamba mchezo wa kukimbia na kujinyoosha namna hiyo humharibu msichana kizazi na kumpa mwili wa kiume. Pili, hata binti akifaulu, mama anahofia kwamba akifika miaka 35 atakuwa amebaki na magoti mabovu na bila kazi.

Maswali haya hayahusu skwoshi peke yake. Wazazi wa Embu, Chuka, Nkubu na Maua huyauliza kuhusu hoki, voliboli, soka na hata mbio. Leo nitayajibu kwa kufuata maisha ya wanawake waliopita njia hiyo mpaka mwisho wake: walicheza skwoshi kwa kulipwa, wakastaafu, kisha wakawa makocha. Maisha ya mtu mmoja si uthibitisho wa kitabibu, lakini yanatusaidia kuona ni wapi mwili hujaribiwa na nini huuokoa.

Mchezo wenyewe

Kwa wale ambao hawajauona, skwoshi huchezwa ndani ya chumba chenye kuta nne, urefu wake mita 9.75 na upana mita 6.4. Wachezaji wawili husimama upande mmoja, bega kwa bega, na kupiga mpira mdogo wa raba kwenye ukuta wa mbele kwa zamu. Mpira ukiwa baridi haudundi sana, kwa hiyo wachezaji huupiga kwanza mpaka upate joto. Atakayeshindwa kuurudisha kabla haujadunda mara ya pili amepoteza pointi. Mchezo mmoja huisha kwa pointi 11, na anayetangulia kupata michezo mitatu ndiye mshindi.

Chumba ni kidogo, lakini kazi ni kubwa. Mchezaji hukimbia hatua chache, husimama ghafla, huinama kwa mguu mmoja mbele kama anayeokota sarafu, hupiga, kisha hurudi katikati mbio. Hayo hurudiwa mamia ya mara. Moyo hupiga kwa kasi karibu na kiwango chake cha juu kabisa, na hupumzika kwa sekunde chache tu kati ya pointi. Ndiyo maana nusu saa ya skwoshi humchosha mtu kuliko saa nzima ya kutembea kwa haraka.

Mchezo huu ulizaliwa katika shule ya Harrow nchini Uingereza katika karne ya 19, na ukaletwa Afrika Mashariki na Waingereza waliojenga viwanja katika klabu zao. Kwa miaka mingi ulibaki kuwa mchezo wa wanachama wa klabu. Ndiyo sababu mtoto wa Meru au Embu huweza kumaliza shule bila kuona kiwanja kimoja. Mambo yamebadilika kidogo kidogo. Skwoshi iliingizwa katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1998 kule Kuala Lumpur, na mwaka 2023 iliamuliwa ichezwe kwa mara ya kwanza katika Olimpiki ya Los Angeles ya 2028. Kenya nayo imewahi kuwakilishwa na wasichana wake katika mchezo huu, miongoni mwao Khaaliqa Nimji, aliyecheza katika Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Msichana wa hoki aliyekuwa malkia

Mchezaji wa kike anayetajwa kwanza kila historia ya skwoshi inapoelezwa ni Heather McKay wa Australia. Alizaliwa mwaka 1941 katika mji wa Queanbeyan, katika familia ya watoto 11. Hakuanza skwoshi utotoni. Alikuwa mchezaji wa hoki, na aliingia katika kiwanja cha skwoshi akikaribia umri wa miaka 20 kwa sababu moja tu: alitaka kupata pumzi za kutosha kwa ajili ya hoki.

Yaliyofuata ni vigumu kuyaamini. Alishinda mashindano makubwa ya Uingereza, British Open, mara 16 mfululizo, kuanzia 1962 hadi 1977. Mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake yalipofanyika mwaka 1976 aliyashinda, na mwaka 1979, akiwa amekaribia miaka 40, akayashinda tena. Katika maisha yake yote ya skwoshi alishindwa mara mbili tu, zote mwanzoni kabisa. Tangu 1962 mpaka alipostaafu mwaka 1981 hakuna mwanamke aliyemshinda. Katikati ya hayo yote aliichezea pia timu ya hoki ya Australia.

Kuna jambo hapa ambalo mzazi asilipite haraka. Mwili wa McKay ulidumu, na mojawapo ya sababu zinazoeleweka kitabibu ni kwamba haukulelewa na mchezo mmoja. Mtoto anayecheza michezo mbalimbali hadi umri wa miaka 15 au 16 hujenga misuli ya pande zote, na viungo vyake havipati mzigo uleule kila siku. Mtoto anayerudia mchezo mmoja mwaka mzima bila likizo huumia zaidi kutokana na kutumia kiungo kimoja kupita kiasi. Kwa hiyo, mama, binti yako akitaka kucheza voliboli muhula mmoja, usimzuie kwa kudhani anapoteza wakati wa skwoshi.

Je, mchezo huharibu kizazi?

Jibu ni la. Kizazi cha mwanamke kimo ndani ya mifupa ya nyonga, kimeshikiliwa na kano na misuli, na kimezungukwa na viungo vingine. Kukimbia, kuruka wala kuinama hakukihamishi mahali pake. Wanawake wengi waliofika kilele cha michezo wamezaa watoto baadaye, na wapo waliozaa kisha wakarudi uwanjani. Ama kuhusu mwili wa kiume, homoni inayojenga misuli mikubwa ya mwanamume ipo kwa kiasi kidogo sana kwa msichana. Mazoezi yatamfanya awe imara na mwepesi. Hayatamgeuza mwanamume.

Hata hivyo, hofu ya shangazi ina mzizi mmoja wa kweli. Wapo wasichana wanamichezo ambao hedhi yao hukoma. Hilo halitokani na kuruka. Mara nyingi hutokana na njaa. Msichana anayefanya mazoezi makali huku akila kidogo huufikisha mwili mahali pa kubana matumizi, kama nyumba ambayo mshahara wake umepungua. Mwili huanza kuzima taa za vyumba ambavyo hauvihitaji leo, na chumba cha kwanza kuzimwa ni uzazi. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililipa tatizo hili jina rasmi na kuwataka madaktari walichunguze kwa wanamichezo wote, wanawake kwa wanaume.

Hedhi ikikosekana kwa sababu hiyo, homoni inayolinda mifupa hupungua pia. Mwanamke hujenga sehemu kubwa ya akiba ya mifupa yake kabla ya kutimiza miaka 30. Akiipoteza nafasi hiyo, mifupa hupata nyufa ndogo akiwa bado kijana, na baada ya hedhi kukoma kwa umri huwa dhaifu zaidi na kuvunjika kwa urahisi.

Mlete binti kwa daktari ikiwa ametimiza miaka 15 na hajaanza kupata hedhi, au ikiwa hedhi iliyokuwa ikija sawasawa imekosekana kwa miezi mitatu. Daktari atachunguza sababu nyingine pia, ikiwemo mimba, na binti aulizwe kwa heshima na kwa faragha. Msimpe dawa za kurudisha hedhi kutoka dukani.

Chakula cha mchezaji wa mlimani

Hakuna haja ya kununua unga wa makopo unaotangazwa kwa wanamichezo. Mashamba ya Meru na Embu yanatoa karibu kila kitu anachohitaji. Githeri, mukimo, viazi vitamu, nduma na ndizi humpa nguvu. Maharagwe, ndengu, njahi, mayai, maziwa, omena na nyama humjengea misuli. Uji wa wimbi una madini ya chuma na ya kalisi. Kosa la kawaida halihusu aina ya chakula bali kiasi na wakati. Binti anayekunywa chai tupu asubuhi, akafanya mazoezi jioni, kisha akala sahani moja usiku, amekula kama mtu aliyekaa kitako siku nzima.

Upungufu wa damu ni tatizo jingine la wasichana, kwa sababu hupoteza damu kila mwezi. Dalili zake ni uchovu usioisha, kuhema kupanda kilima alichokuwa akikipanda bila taabu, kizunguzungu na weupe ndani ya kope na midomo. Kipimo cha damu ni rahisi na hupatikana katika hospitali zetu nyingi. Mboga za kijani na maharagwe yana madini ya chuma, lakini mwili huyapokea vizuri zaidi yakiliwa pamoja na embe, chungwa au nyanya. Chai na kahawa hufanya kinyume. Sisi tunaoishi katikati ya mashamba ya majani chai tuna mazoea ya kunywa chai pamoja na mlo. Afadhali chai isubiri saa moja au mbili baada ya chakula.

Siwezi kuandika kuhusu afya katika eneo hili bila kutaja miraa na muguka. Wapo vijana wanaotafuna ili wasisikie uchovu mazoezini. Majani hayo huongeza mapigo ya moyo na presha, huua hamu ya kula na hufukuza usingizi, yaani hunyang'anya mwili vitu viwili ambavyo mchezaji hujijenga navyo. Isitoshe, kemikali zake, kathinoni na kathini, zimo katika orodha ya vichangamshi vinavyodhibitiwa wakati wa mashindano. Mchezaji anayepimwa akakutwa navyo anaweza kufungiwa. Kusema kwamba ni zao la nyumbani hakutamwokoa.

Goti, jicho na moyo

Tuje sasa kwa magoti. Hofu ya mama ina msingi. Ndani ya goti kuna kano inayozuia mfupa wa chini usiteleze mbele. Hukatika mchezaji anapokata kona au kutua huku goti limejipinda kuelekea ndani. Katika michezo kama soka na mpira wa vikapu, wasichana huumia kano hii angalau mara mbili zaidi ya wavulana. Mtu husikia mlio, goti huvimba ndani ya saa chache, na baadaye huhisi kama linataka kumwangusha.

Habari njema ni kwamba majeraha haya yanazuilika kwa kiasi kikubwa. Mazoezi ya dakika 15 hadi 20 kabla ya mchezo, yafanywayo mara mbili au tatu kwa wiki, hupunguza majeraha hayo kwa wasichana kwa karibu nusu. Ni mazoezi ya kawaida: kuchuchumaa, kuruka na kutua kwa ulaini, kusimama kwa mguu mmoja, na kuimarisha misuli ya nyuma ya paja na ya makalio. Jambo la kutazama ni goti lielekee mbele pamoja na vidole vya mguu, lisiangukie ndani. Hayahitaji vyombo wala fedha. Yanahitaji mtu wa kuyasimamia.

Kifundo cha mguu kikiteguka, mpumzishe, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, funga bendeji bila kukaza kupita kiasi, na uinue mguu. Tafadhali msikandekande kwa nguvu wala kumpeleka kwa anayevuta viungo siku hiyo hiyo. Akishindwa kukanyaga hatua nne, apigwe picha ya eksirei. Baada ya hapo, tiba ya viungo ndiyo humrudisha uwanjani. Idara hizo zipo katika hospitali kuu za Embu na Meru, na wengi hawazitumii kwa sababu hudhani ni za wazee waliopooza tu.

Jicho ni jambo la skwoshi hasa. Mpira wake una kipenyo cha sentimita 4, na ukipigwa kwa nguvu huweza kuzidi kasi ya kilomita 200 kwa saa. Mpira wa soka ni mkubwa kuliko tundu la jicho, kwa hiyo mfupa huupokea kwanza. Mpira wa skwoshi huingia ndani ya tundu hilo. Jicho moja linaweza kupotea kwa pigo moja. Mchezaji avae miwani maalumu ya michezo yenye vioo vya polikaboneti. Miwani ya kawaida ya kusomea haimlindi, na ikivunjika huongeza madhara.

Na moyo? Kwa kijana mwenye afya, skwoshi huuimarisha. Anayepaswa kuogopa ni baba au mjomba mwenye miaka 45 ambaye hajakimbia tangu aache shule, na sasa anashawishiwa kucheza na mpwa wake. Katika miaka ya 1980 madaktari wa Uingereza walichunguza vifo vya ghafla katika viwanja vya skwoshi. Waliokufa walikuwa karibu wote wanaume, wengi wao wakiwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo, na wengi walikuwa wameona dalili kabla wakazipuuza. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuishiwa pumzi kupita kawaida ni sababu ya kuacha mchezo saa hiyo hiyo na kumwona daktari. Wahenga wa michezo husema ujiweke sawa ili ucheze skwoshi, usicheze skwoshi ili ujiweke sawa. Kwa kijana hilo halina uzito sana, lakini kwa mtu wa makamo ni onyo la kweli. Msichana naye asipuuzwe akizimia mazoezini, au ikiwa katika ukoo kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana. Achunguzwe moyo kwanza.

Siku mchezaji anapoacha

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini siku koleo linapovunjika, mhunzi huumwa. Mwanamichezo aliyezoea mazoezi ya saa nne kwa siku akiacha ghafla, mwili wake hubadilika. Hamu ya chakula hubaki ileile huku matumizi yakipungua, na kilo huongezeka. Presha na kisukari hutafuta nafasi. Usingizi huvurugika. Hata moyo wa huzuni huingia, kwa kuwa mtu amepoteza kazi, ratiba, marafiki na jina lake kwa wakati mmoja. Nchini kwetu tumeona mabingwa wakisahauliwa katika hali hiyo, na majirani wakisema ni ulevi au uchawi pale ambapo daktari angeona ugonjwa wa akili unaotibika.

Tiba yake huanza kabla ya kustaafu. Mazoezi yapunguzwe polepole kwa miezi kadhaa, yasikatwe kwa siku moja. Chakula kipunguzwe nayo. Na mtu awe na kazi ya kuamkia. Hapa ndipo ukocha unapoingia kama jambo la afya, si la mshahara tu.

Rudi kwa Heather McKay. Katikati ya miaka ya 1970 alihamia Canada, akafundisha na kucheza huko. Mwaka 1985 alirejea Australia kuwa kocha katika taasisi ya taifa ya michezo. Kocha wa skwoshi hutembea, hurusha mipira, huonyesha mapigo, hupanda na kushuka pamoja na wanafunzi. Mwili unaendelea kupata mazoezi ya wastani bila shinikizo la mashindano, na akili inaendelea kuwa na kazi. McKay alipopita miaka 45 alirudi uwanjani na kushinda mashindano ya dunia ya wakongwe. Huo si mwili ulioharibiwa na mchezo.

Mfano wa pili unanigusa zaidi kwa sababu unamhusu mama na binti. Liz Irving, pia wa Australia, alizaliwa mwaka 1965. Mama yake, Jenny Irving, alikuwa mchezaji wa skwoshi. Liz alikuwa miongoni mwa wachezaji bora wa wakati wake na alifika fainali ya mashindano ya dunia mwaka 1993, akashindwa. Taji hilo la dunia hakulipata. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, akiishi Amsterdam, alianza kumfundisha msichana wa Malaysia aitwaye Nicol David. David alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia wa vijana, lakini kwa wakubwa hakuwa amefika kileleni. Mwaka 2005 alishinda taji la dunia, na kufikia mwaka 2014 alikuwa amelishinda mara 8. Kuanzia 2006 alikaa namba moja duniani kwa karibu miaka 9 bila kukatika. Kocha ambaye taji lilimkwepa alilea mwanafunzi aliyelichukua mara 8.

David alistaafu mwaka 2019 akiwa na miaka 35. Kukaa juu kwa muda wote huo kunaeleza mengi kuhusu jinsi mwili wake ulivyotunzwa. Mtu hawezi kuwa wa kwanza duniani kwa miaka 9 huku akicheza na majeraha yasiyopona. Nyuma yake kulikuwa na mwanamke aliyejua, kutokana na mwili wake mwenyewe, tofauti ya maumivu ya kawaida ya mazoezi na maumivu ya hatari.

Kocha ni nusu ya daktari

Mimi humwona mchezaji akishaumia. Kocha humwona kila siku kabla hajaumia. Ndiye anayeona kwamba goti limeanza kuangukia ndani, kwamba binti amekonda, kwamba wiki hii hacheki. Kocha mwema huuliza kuhusu hedhi bila kumwaibisha, hukubali ushauri wa daktari kwamba mchezaji apumzike wiki sita, na hamwambii mtoto "kaza roho" pale ambapo mfupa una ufa. Wasichana wengi hawawezi kumwambia kocha wa kiume mambo haya. Si kosa la makocha wanaume walio waadilifu, lakini ni sababu ya kutosha ya kuwataka wanawake zaidi katika kazi hii.

Kuna jambo la usalama pia. Kiwanja cha skwoshi ni chumba kilichofungwa, na mazoezi ya mtu mmoja na kocha ni ya kawaida. Mzazi ana haki ya kuingia na kutazama wakati wowote. Mazoezi yafanyike mahali panapoonekana na watu wengine, safari za mashindano ziwe na mwanamke msimamizi, na ujumbe wa simu kati ya kocha na mtoto uwe wazi kwa mzazi. Kocha anayekasirishwa na masharti hayo si wa kumwachia mtoto. Kenya imejifunza kwa uchungu. Baada ya mwanariadha Agnes Tirop kuuawa kule Iten mwezi Oktoba 2021, wenzake waliunda shirika la Tirop's Angels ili kupambana na dhuluma dhidi ya wanawake wanamichezo.

Wanawake wetu wameonyesha pia njia nzuri. Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda mbio za marathoni za New York mwaka 1994, aliiongoza timu ya wakimbizi katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Lornah Kiplagat alijenga kambi ya mazoezi Iten wakati angali mkimbiaji, akiwa na nia ya kuwapa wasichana mahali pa kufanyia mazoezi kwa heshima. Ni wakimbiaji, si wachezaji wa skwoshi, lakini hoja ni ileile: ujuzi ulio katika mwili wa mwanamke mmoja haufi siku anapovua viatu vya mashindano.

Ushauri kwa mama

Kwanza, mruhusu binti acheze. Hatari ya kutofanya mazoezi kabisa ni kubwa kuliko ya kucheza kwa uangalifu. Wagonjwa wa presha na kisukari wanaojaza foleni zetu za hospitali hawakuletwa huko na skwoshi.

Pili, kabla ya muhula kuanza apimwe presha, damu, macho na viungo, na historia ya ukoo iandikwe.

Tatu, mnunulie miwani ya kinga kabla ya raketi ya bei ghali, na viatu vya ndani visivyoteleza.

Nne, apumzike angalau siku moja kamili kwa wiki, alale saa 8 hadi 10 kwa usiku, na kila mwaka apate miezi miwili au mitatu ya michezo mingine.

Tano, mwache aandike tarehe zake za hedhi katika kitabu kidogo. Ni kipimo cha bure cha afya yake.

Sita, masomo yasiachwe. Ukweli ni kwamba ni wachache sana wanaolipwa vizuri katika skwoshi, na hapa Kenya hakuna anayeweza kuwahakikishia riziki kwa raketi peke yake. Lakini vyuo vikuu kadhaa vya Marekani vina timu za skwoshi na huwatafuta wasichana wanaocheza na kusoma vizuri. Binti anayetaka ukocha atafaidika zaidi akisomea pia sayansi ya michezo, tiba ya viungo, lishe au ualimu. Aanze sasa: likizo hii awafundishe watoto wa mtaani kwenye ukuta huo huo unaowaudhi majirani, saa za mchana, na ajifunze namna ya kumwonyesha mtoto mwingine jinsi ya kuinama bila kuliumiza goti. Akiweza kumfundisha mtoto wa miaka 9 akaelewa, amekwisha kuanza kazi anayoiota.

Mpeleke daktari mara moja goti likivimba baada ya mlio, jicho likipigwa hata kama anaona vizuri, akizimia au kupata maumivu ya kifua akicheza, au akiwa na maumivu ya mfupa yanayomwamsha usiku. Mengine yote yanaweza kusubiri siku ya kliniki.